Kifundo kile kile, mara ya tatu

Kijana wa Nyalenda hapa Kisumu ameniandikia barua ndefu ambayo nitaifupisha. Mchana anaendesha bodaboda, jioni anacheza winga ya kushoto kwenye timu ya mtaa. Jumapili iliyopita aliruka kupiga mpira kichwa, akatua juu ya kiatu cha beki, kifundo cha mguu wa kushoto kikamgeuka na akasikia kitu kikilia "ka!" ndani. Ni mara ya tatu tangu mwaka jana, mguu ule ule. Jioni hiyo hiyo mamake alimpeleka kwa mzee wa kukanda, akakandwa kwa maji moto na mafuta, na usiku mguu ukafura kuliko ulivyokuwa. Leo ni siku ya tano, anatembea akichechemea. Fainali yao iko wiki tatu kutoka sasa. Anauliza: apige eksirei? Arudi kwa mzee? Mbona ni mguu huo huo kila mara? Na siku ya mechi, afunge miguu yote miwili?

Ndugu yangu, pole sana. Kabla hujasoma mengine, vua soksi ukae kitandani, maana swali la eksirei halingoji. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kuamua nani apigwe picha na nani asisumbuliwe, na mpaka leo ndiyo tunayotumia. Utabonyeza sehemu nne kwa kidole gumba, kwa nguvu kuzidi kidogo ile unayobonyezea embe sokoni kuona kama limeiva. Ya kwanza ni ule mfupa unaotokeza upande wa nje wa kifundo: anzia kwenye ncha yake ya chini, pita ukingo wake wa nyuma, panda nao kama sentimita 6. Ya pili ni mfupa wa upande wa ndani, vivyo hivyo. Ya tatu iko kwenye ukingo wa nje wa wayo, katikati ya kisigino na kidole kidogo, pale mfupa unapotokeza kama kijiwe. Ya nne ni juu ya wayo upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo.

Ukiruka kwa maumivu ukibonyeza mfupa wenyewe mahali hapo popote, nenda ukapigwe eksirei. Nenda pia kama hukuweza kupiga hatua 4 pale uwanjani na hata leo huziwezi. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa hatua, kwa hiyo kwa kipimo hicho cha pili umepita. Kama mguu una ganzi, au unajipima ukiwa umelewa, kanuni haifanyi kazi, nenda tu hospitali.

Sehemu ya tatu naisisitiza kwa sababu ilinitia adabu. Miaka yangu ya mwanzo kwenye kazi hii ya fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, aliletwa msichana wa voliboli aliyetua juu ya mguu wa mwenzake chini ya wavu. Kifundo kimefura upande wa nje kama ilivyo kawaida, nikabonyeza kifundo, nikaridhika, nikamfunga bendeji na kumwambia aanze kutembea. Baada ya wiki mbili alirudi amevaa kiatu kilichofunguliwa kamba zote, anaruka kwa mguu mmoja. Nilipobonyeza kile kijiwe cha ukingo wa wayo aliuvuta mguu kwa kasi hata akapindua kiti. Mfupa ulikuwa umepasuka tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nimeupita kwa sentimita chache. Tangu hapo hakuna kifundo kinachotoka mbele yangu kabla sijaugusa wayo wote.

Tuseme mifupa yako ni mizima. Basi kilichoumia ni kano, ile mikanda migumu inayofunga mfupa kwa mfupa. (Kwa wasomaji wa huku lazima niseme sizungumzii Kano, ile nchi tambarare ya kule Ahero.) Upande wa nje wa kifundo zipo tatu. Ya mbele, inayounganisha mfupa wa fibula (ule mwembamba wa upande wa nje wa mguu) na ule wa talasi (ulio ndani ya kifundo), ndiyo nyembamba na ndiyo huumia kwanza. Ya kati hufuata mguu ukipinduka vibaya zaidi, na ya nyuma huumia mara chache sana. Upande wa ndani kuna kano moja pana kama upepeo, yenye nguvu nyingi, na ndiyo maana miguu mingi hugeuka kwa mtindo mmoja: unyayo unatazama ndani, uzito wote unaangukia ukingo wa nje.

Wewe ulitua ukitoka angani, na mtu anayetua hutanguliza vidole. Hapo ndipo penye siri. Mfupa wa talasi ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Mguu ukiwa bapa chini, sehemu ile pana inakaa ndani ya kifundo imebanwa sawasawa. Vidole vikielekea chini, sehemu nyembamba ndiyo inayoingia, na kiungo kinacheza. Ukikuta kiatu cha beki wakati huo, mzigo wote unabebwa na ile kano ya mbele peke yake.

Jeraha tunalipanga kwa daraja tatu: kano iliyovutika tu, iliyochanika kwa sehemu, na iliyokatika. La kwanza huchukua wiki moja au mbili, la pili wiki 3 hadi 6, la tatu linaweza kuchukua miezi mitatu. Mlio uliousikia hauniambii ni daraja gani, na ukubwa wa uvimbe pia hudanganya. Siku ya kwanza hata mtaalamu mzuri hubahatisha, kwa sababu kila mahali panauma na misuli imekaza. Siku ya nne au ya tano ndiyo nzuri ya kupimwa, nayo ni leo. Fizio atashika kisigino chako kwa mkono mmoja na ugoko kwa mwingine, avute kisigino mbele taratibu, asikilize kama kuna kizuizi au mguu unateleza tu. Akifinya mifupa miwili ya mguu juu ya kifundo na ukasikia uchungu pale inapokutana, au ukiumia akigeuza wayo kuelekea nje, hiyo ni habari nyingine: kano za juu ya kifundo zimeguswa, na hizo hukawia kupona kuliko hizi za kawaida. Fainali usahau.

Sasa mzee wa kukanda. Sina ugomvi naye, wala sitaki ugombane na mama aliyekupeleka kwa mapenzi. Lakini siku ile mishipa midogo ya damu ilikuwa imepasuka ndani ya mguu wako. Ukiipa maji moto inapanuka, ukiisugua haizibi. Ule uvimbe wa usiku ulitoka huko. Kuna na jambo la pili, nalo naona limefichwa na lugha yetu wenyewe. Kuna kutenguka, mfupa unapotoka mahali pake, na kuna kuteguka, mfupa uko palepale ila kano imeumia. Mitaani maneno haya tunayachanganya, tunasema "mguu umetoka", basi mtu akisikia umetoka, atataka kuurudisha. Ndipo unaona mzee anavuta kidole gumba cha mguu mpaka kilie. Hakuna kilichotoka, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Anachovuta ni ile ile kano inayojaribu kushikana. Baada ya wiki moja hivi, akikukanda misuli ya ugoko na ya nyuma kwa mkono mwepesi, sina pingamizi, utasikia raha. Kuvuta na kupindua, mwambie kwa heshima hapana.

Barafu? Inapunguza maumivu, na kwa siku mbili tatu za kwanza inasaidia ulale. Dakika 15 hadi 20, imefungwa kwenye kitambaa, kisha upumzishe ngozi saa mbili au tatu. Wachezaji wa huku wana bahati kwamba wauza samaki hawakosi barafu, mkimbilieni mama anayefunga mbuta badala ya kutafuta friji. Ila usiifanye dini. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza mwaka 1978 ule utaratibu wa pumziko, barafu, kufunga na kuinua mguu, alirudi mwenyewe mwaka 2014 akasema barafu na pumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Kwako wewe wa siku ya tano, faida ya barafu imeshapungua. Kufunga bendeji ya kuvutika na kuinua mguu juu ya mto ukilala, endelea navyo hadi uvimbe utulie. Dawa ya maumivu, parasitamoli inatosha. Ile sindano ya kuua maumivu ambayo watu huchomwa asubuhi ya mechi, usikubali hata kocha akiilipia.

Pumziko nalo lina mwisho, na mwisho wake uko karibu kuliko watu wanavyodhani. Kano hujipanga upya kwa kuvutwa kidogo kidogo, kila siku, bila kuzidishiwa. Ndiyo maana mguu kama wako siku hizi hatuukimbizii plasta wala kuulaza mwezi mzima. Tembea, kanyaga kisigino kwanza kisha vidole, hata ukitumia mkongojo siku chache. Ukichechemea kwa kutanguliza vidole tu, misuli ya nyuma itakaza na utajiletea shida ya pili.

Swali lako zito ni lile la tatu, mbona ni mguu huo huo kila mara. Fanya jaribio dogo. Simama peku karibu na ukuta, kwanza kwa mguu wa kulia, mikono kifuani. Hesabu sekunde 30. Kisha fumba macho, uhesabu tena. Maumivu yakipungua, pengine kesho kutwa, fanya vivyo hivyo kwa wa kushoto. Niliwahi kumsimamisha hivyo mchezaji wa raga aliyekuwa ananihakikishia kwamba amepona, hana uvimbe wala maumivu, anataka nimwandikie kocha. Kwa mguu mzima alisimama kama mlingoti. Kwa ule uliowahi kuteguka alifumba macho, vidole vikaanza kukwaruza saruji kama kuku, kifundo kikitetemeka kushoto kulia, na sekunde ya tano alikuwa ameshika meza yangu. Alifungua macho akaniuliza nimemfanya nini.

Ndani ya kano na ndani ya misuli kuna vipokezi vinavyoiambia bongo mguu uko wapi bila wewe kuutazama. Gizani unakanyaga ngazi kwa sababu yao. Kano ikichanika, nayo taarifa hiyo inavurugika, na haijirudii yenyewe eti kwa sababu uvimbe umeisha. Misuli ya upande wa nje wa ugoko, ambayo kazi yake ni kuuzuia unyayo usigeuke ndani, inachelewa kuamka. Mguu unapopinduka ghafla hakuna muda wa kufikiri. Misuli hiyo lazima iwe imeshakaza kabla hujagusa ardhi. Mwaka jana uvimbe uliisha, ukarudi uwanjani na mguu usiojua ulipo. Mara ya pili ikawa rahisi kuliko ya kwanza, ya tatu rahisi kuliko ya pili. Kuwahi kuteguka ndiko kunakotabiri kuteguka tena kuliko kitu kingine chochote, na wapo wanaobaki na kifundo kinacholegea kwa miaka kwa sababu hakuna aliyewaambia kazi inaanza pale maumivu yanapokwisha.

Kazi yenyewe haina gharama. Kila unapopiga mswaki, asubuhi na jioni, simama kwa mguu wa kushoto. Hilo likiwa rahisi, fumba macho. Likiwa rahisi tena, simama juu ya mto, au mrushiane mpira na mtu huku umesimama kwa mguu mmoja. Chora herufi Y kwa kijiti kwenye vumbi, simama katikati, mguu wa kulia uende kugusa ncha zote tatu mbali uwezavyo bila kisigino cha kushoto kuinuka. Inua visigino ukishika ukuta, kwanza miguu yote, baadaye wa kushoto peke yake, mpaka ufike idadi sawa na wa kulia. Chukua tyubu ya zamani ya baiskeli, ifunge kwenye mguu wa meza, pitisha wayo ndani na uvute kuelekea nje mara 15, seti tatu. Wiki 8 za namna hii, dakika chache tu kwa siku, hupunguza sana kuteguka upya, na nasema wiki 8 nikijua fainali yako ni wiki 3. Baada ya fainali usiache.

Kazini una tatizo ambalo mwalimu au karani hana. Gia ya pikipiki iko mguu wa kushoto. Kila ukiinua gia unaunyanyua wayo juu kwa nguvu, mara mia kadhaa kwa siku ya kawaida, na ukifika stejini mguu huo huo unashuka kushikilia pikipiki, abiria na gunia lake juu ya kokoto. Wiki hii, kama pikipiki yako ina gia ya kukanyaga mbele na nyuma, tumia kisigino. Ukisimama, shusha wa kulia na ushike breki ya mkono. Vaa kiatu cha kufunga kamba, ndala ziache nyumbani. Na kama huwezi kusimama kwa mguu wa kushoto sekunde 10, usibebe mtu. Pikipiki ikilalia upande huo utaanguka naye. Najua siku bila abiria ni siku bila chakula, ndiyo maana sijasema uegeshe mwezi.

Kuhusu fainali, sitakupa tarehe. Nitakupa milango, na usipite wa pili kabla ya wa kwanza. Weka wayo mbele ya ukuta, kisigino chini, goti liguse ukuta. Sogea nyuma hadi ufike mwisho, upime kwa mkono umbali kati ya kidole gumba cha mguu na ukuta. Kushoto kukaribie kulia. Kisha urukeruke kwa mguu mmoja, mbele, pembeni, bila woga. Kisha kimbia nambari 8 kuzunguka chupa mbili, polepole, halafu kwa kasi yako yote, pande zote. Mwisho, fanya mazoezi kamili na timu mara mbili, na asubuhi yake mguu usiwe umefura. Ukikwama mlango wowote, keti benchi ushangilie. Winga anayeogopa kukata kwa mguu wake hamsaidii mtu, na beki atajua dakika ya tano.

Ukicheza, vaa kifaa cha kushikilia kifundo, kile chenye kamba kama kiatu au chenye plastiki pande mbili. Hicho kina ushahidi, hasa kwa mtu aliyewahi kuteguka, na ningetaka ukivae kwenye mechi na mazoezi kwa mwaka mmoja. Hakidhoofishi misuli kama watu wanavyosema. Bendeji ya kuvutika inabana uvimbe, lakini haizuii mguu kupinduka. Ile ya gundi inashika vizuri ikifungwa na mtu anayejua, ila hulegea ndani ya dakika 20 au 30 za kucheza, na mapumziko ni dakika ya 45.

Mwambie nahodha pia kuhusu uwanja. Si sote tunaocheza kwenye nyasi za uwanja mkubwa wa Mamboleo. Viwanja vyetu vya udongo mweusi ng'ombe hupita wakati wa mvua, kwato zao zinazama, kisha jua la Januari linakausha yale mashimo yakawa magumu kama vikombe vya udongo, yamefichwa na nyasi fupi. Nimeona vifundo vingi vikiingia humo bila beki yeyote kuwa karibu. Watu kumi wakitembea mstari mmoja na jembe moja nusu saa kabla ya mechi, wanayaziba. Halafu pasheni misuli kwa utaratibu, hata ule wa FIFA uitwao 11+, ambao ni dakika 20 na una mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja ndani yake. Kupiga mashuti golini kwa zamu hakupashi kifundo chochote.

Na la mwisho ulilouliza: hapana, usifunge miguu yote miwili, wa kulia uache. Nunua kifaa kimoja cha kushoto, na uende dukani na daluga zako mkononi ujaribu kukivaa ndani yake, maana vingi haviingii mpaka ulegeze kamba zote.